Mbio za Kwenda Ukweni

Nilipopunguza pombe, watu waliniambia maisha yatanyooka. Yalinyooka kweli, miguuni. Tumbo liliisha, goti likaacha kuuma, na ule mlima wa barabara ya Meru niliokuwa naupanda nikitapika bia ya jana nikaanza kuupanda nikipiga mluzi. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Isiolo, si mwanariadha wa kulipwa. Nakimbia mbio ndefu za watu wa kawaida, zile za kupewa fulana na medali ya bati. Nilijiwekea chupa mbili, Jumapili, basi, na mpaka leo sijaongeza hata moja, ingawa sijui tena najizuia kwa ajili ya nani. Baa walianza kuniita pasta. Waliniudhi, na bado nilikuwa na hamu nao sana.

Sikupunguza kwa ajili ya mbio. Nilipunguza kwa sababu mke wangu alikuwa amerudi kwao Oldonyiro na binti yetu. Mtoto alishikwa na malaria, nikatumwa dawa, nikapitia baa kidogo tu. Niliporudi, dawa ingali mfukoni, jirani alikuwa ameshambeba mtoto hadi hospitali. Hata hatukugombana. Mimi nililia nikasema ni pombe, yeye akasema ni pombe, mama yake kwenye simu akasema ni pombe. Tulikubaliana sote. Mtoto alipopona, wakapanda gari wakaenda.

Miezi ikapita. Nilipompigia kumwambia nimebakisha chupa mbili kwa wiki, alisema, "Kama ni kweli, njoo na wazee wawili. Tukae, tuongee, turudi nyumbani. Mtoto anakuuliza kila siku." Haki ya Mungu, siku hiyo nilichomelea geti nikiimba.

Mjomba wangu alikubali kunisindikiza, yeye na rafiki yake. Akasema twende Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya mbio ndefu, nikamwomba tusukume mbele. Akakubali. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mashindano Meru, nikamwomba tena. Mzee aliniangalia vile mtu wa sokoni anaangalia mbuzi mgonjwa, akasema, "Nenda peke yako, baba. Sisi hatukimbii." Nami nikaona ati yeye ndiye amenikosea! Nikajiambia, wacha niende, wakiniona tu watajua nimebadilika.

Nilipanda lori lililokuwa linaenda kuchukua mbuzi soko la Oldonyiro. Nilikuwa na gunia lenye sukari, majani ya chai na viatu vipya vya mtoto. Tulipofika Kipsing nikamwambia dereva anishushe, gunia alifikishe kwa mama mkwe, mimi nitamalizia kwa miguu. Akauliza, "Kwani umekosana na kiti?" Nilicheka. Lori linaenda mpaka kwa mke wangu na mimi nikashuka, kwa sababu nilitaka anione nikitokea kwenye vumbi, mwembamba, nikikimbia.

Jua la huko si la kuchezea. Maji yaliisha kabla ya nusu ya njia, na sikukutana na mtu wa kumwomba. Nikaanza kuona barabara mbili. Miguu ikawa inaenda inakotaka yenyewe. Niliingia kwa wakwe nikiyumba, ulimi mzito, nikashika mti wa ua, nikatapika mbele ya mlango wa mama mkwe. Kwetu mama mkwe humkaribii hata ukiwa umeoga. Alijifunika uso kwa shuka, akageuka.

"Amelewa," alisema. "Si dereva alituambia ameshuka njiani? Sasa tumejua alishukia nini." Akaingia ndani.

Binti yangu alinikimbilia hatua chache, akanisikia ninavyoongea, akasimama. Hiyo sauti anaijua. Nilijaribu kumwambia baba hajanywa, maneno yakatoka yamekunjana, naye akamfuata nyanya yake. Jamani, niliumia.

Mke wangu alinishika kidevu, akaninusa mdomo, vile alivyokuwa akininusa kila jioni mlangoni kwetu. Nilifungua mdomo vizuri. Nilikuwa na furaha, mjinga mimi, maana nilijua hatapata kitu. Akanusa tena. Kisha akaniletea maji, akaniketisha kivulini, akangoja nipate pumzi.

"Wazee wako wapi?"

"Jumamosi ile nilikuwa na mazoezi," nikasema. "Na hiyo ingine, mashindano. Unajua nimepunguza dakika kumi na moja?"

"Na kwenye lori ulishuka kwa nini?"

"Ili unione nikikimbia."

Alinijazia kikombe tena, taratibu. Afadhali angekasirika, hasira yake nimeizoea. Mama yake akauliza kutoka ndani nimelewa kiasi gani, na nitalala wapi.

"Hajalewa, mama," akajibu. "Hajaonja hata tone." Akachukua kikombe mkononi mwangu, akasimama. "Miaka hii yote nilikuwa nafikiri ni pombe."