Kifuniko cha Valvu ya Bwawani

Maganga hakuzaliwa na hasira. Aliipata kazini, Agosti ya mwaka 1975, na hata saa yake aliikumbuka: saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma.

Alikuwa fundi wa mradi wa maji uliokuwa ukihudumia vijiji vitatu vya ujamaa upande wa Mwamapalala. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao mwaka uliotangulia, wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, wakaambiwa maji yatawafuata. Maji yenyewe yalitoka bwawani kwa bomba nene, na chini ya ukuta wa bwawa, ndani ya shimo lililojengewa kwa matofali, ndipo ilipokaa valvu kubwa. Ilikuwa inamfika Maganga kifuani. Vijiji vyote vitatu vilikunywa au vilikaa na kiu kwa sababu yake.

Kila baada ya miezi sita Maganga aliifungua yote. Aliziba mdomo wa bomba ndani ya bwawa kwa mbao na magunia ya udongo, akafungua bolti kumi na mbili za kifuniko, akautoa ule ulimi wa chuma unaopanda na kushuka kuzuia maji. Aliusugua, akakwangua kutu, akabadilisha pakingi za kuzuia maji yasivuje, akaanza kuunga upya. Hapo kwenye kuunga ndipo alipokuwa hana mzaha. Unakaza bolti moja kidogo, unaiacha, unakwenda ya upande wa pili. Unazunguka hivyo mara nne, mara tano, mpaka kifuniko kikae sawasawa. Kazi ya siku nzima.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye mzunguko wa kwanza tu alipofika msimamizi wa mradi, Ndugu Mashaka, na suruali yake iliyonyooshwa pasi.

"Ndugu Maganga, wageni wa mkoani wanafika saa sita. Nataka maji bombani."

"Saa sita haiwezekani, Ndugu. Labda jioni."

"Jioni watakuwa wameondoka."

"Basi warudi kesho. Kifuniko hiki hakijui wageni."

Mashaka aliwaita wanaume wanne waliokuwa wakifyeka njia ya wageni, akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili iwe ndefu, akawaambia waegemee. Walianza upande mmoja, bolti tatu zilizofuatana. Maganga akaruka shimoni, akaushika mpini.

"Acheni! Chuma hiki hakipindi, kinapasuka!"

"Mtoeni humo," Mashaka akasema.

Wakamtoa. Walikuwa majirani zake, mmoja wao alikuwa amekula kwake juzi yake, na wakamshika mikono kama mwizi wa ng'ombe. Kisha wakaegemea tena. Ukasikika mlio mmoja, mkavu. Ufa ukapita kwenye kifuniko kutoka ukingoni hadi katikati.

Wageni walifika wakakuta mabomba makavu na wanawake mia wenye ndoo. Mashaka akawaeleza, bila kupepesa macho, kwamba fundi amefanya hujuma.

Siku zile neno hilo lilikuwa zito. Lilimpeleka mtu mahabusu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa baada ya siku tatu. Maganga alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake kile kifuniko. Akakishusha mbele ya meza ya mwenyekiti, vumbi likatimka.

"Aliyekaza bolti hizi asimame," alisema.

Hakuna aliyesimama. Aliwatazama wale wanne mmoja mmoja. Mmoja akainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Maganga alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kumwelewa Mashaka, kwa kuwa yule alikuwa anaogopa wakubwa wake. Lakini hawa! Watoto wao ndio waliokuwa wakinywa matope.

Nyuma, upande wa wanawake, akasimama Lukresia, mjane aliyekuja kuteka maji siku ile.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi nilikuwepo. Maganga alitolewa shimoni kwa nguvu. Waliokaza ni hawa, na aliyewaamuru ni yule pale."

"Mayu, mama yetu, una uhakika?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa na ndoo mbili tupu. Ningetazama nini kingine?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akakohoa, akasema jambo hilo litaangaliwa, akafunga mkutano. Halikuangaliwa. Neno hujuma halikutajwa tena, ila Maganga alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Aliirudisha bila kuitia sahihi.

Vijiji vikakaa bila maji. Barua ya kuomba kifuniko kipya haikujibiwa. Maganga akapanda baiskeli hadi Bariadi, akazunguka kwenye viwanda na magofu, mpaka akakuta valvu ya zamani imetupwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Kifuniko chake kilikuwa na matundu kumi na mawili, lakini uso umeliwa na kutu. Aliusugua siku tano, akipima unyoofu wake kwa kipande cha kioo, huku akitukana kwa Kisukuma.

Siku ya kuunga, Lukresia alikuja shimoni.

"Nifundishe."

"Kwa nini?"

"Wakikufunga, nani atafungua maji?"

Akampa spana. Lukresia alikaza vizuri kuliko wengi, kwa sababu alisikiliza. Wale wanne walikuja kuomba kusaidia. Maganga akawafukuza kwa mawe.

Mwaka 1983 Landrova ilisimama bwawani, akashuka Mashaka, sasa mkubwa mkoani, amenenepa. Maganga alikuwa shimoni, mikono imejaa grisi.

"Mzee Maganga! Bado una hasira na mimi?" Akacheka, akanyoosha mkono.

Mwenye mikono michafu husalimia kwa kutoa kifundo cha mkono. Maganga hakutoa.

"Ndiyo," alisema. "Bado." Kisha akamgeukia Lukresia, aliyekuwa ng'ambo ya valvu, spana mkononi, wakaendelea na mzunguko wa tatu.