Siku Diwani Wetu Alipofia Kwenye Filamu

Mimi sijui Kichina, na hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, sijakutana na mtu anayekijua. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu za Kichina. Nilikaa nyuma ya pazia katika kibanda cha video karibu na soko, kipaza sauti mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye skrini nilimsemea kwa Kiswahili. Kazi hiyo kwetu inaitwa uvijei. Kiswahili kilitufaa kwa sababu benchi moja lilikuwa na Msamia, Mteso, Mpadhola na dereva wa lori kutoka upande wa Kenya, na ukitafsiri kwa lugha ya mmoja, wengine watatu wanaanza kuongea wao kwa wao.

Nilikuwa na maoni mengi, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa changu, maoni yaliingia ndani ya filamu. Mpaka leo sipendi filamu ambayo jambazi anamshika shujaa kisha badala ya kummaliza anamweleza mpango wake wote. Hata wanasiasa wetu hawana kosa hilo. Kitabu nacho, nikifika katikati na hakuna aliyekula chochote, nakifunga. Mtu anawezaje kupenda, kusaliti na kulipiza kisasi bila hata kikombe cha uji? Na magazeti ya pande zote mbili yana ugonjwa mmoja: Busia haipo mpaka lori lipinduke. Likipinduka, gazeti la Uganda linasema dereva ni Mkenya, la Kenya linasema lori ni la Uganda, na hakuna hata moja linalosema nani alibeba mchele uliomwagika.

Mkosoaji wangu mkubwa alikuwa mama mkwe wangu. Aliuza samaki Majanji, kando ya ziwa, na kila Jumamosi alipoleta mzigo sokoni alipitia kwetu kutazama filamu. Kwa desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani. Lakini yeye aliamua kwamba pazia ni ukuta, kwa hiyo mimi nilikuwa chumba kingine. Akakaa benchi la mbele. Hakuniambia neno moja kwa moja hata siku moja. Alimtuma mke wangu, aliyekaa mlangoni kupokea watu.

"Mwambie huyo wa nyuma ya pazia," alisema, "huyu bibi hawezi kusema maneno marefu hivyo na mdomo ameufumba."

Mke wangu alirudia kwa sauti, ingawa kibanda kizima kilikuwa kimesikia.

"Mwambie mama kwamba anasema moyoni," nilijibu.

"Mwambie asipige kelele moyoni."

Ukafika msimu wa uchaguzi. Diwani wetu alitaka kurudi. Alikuwa na duka la mabati na misumari, na popote alipokwenda alivaa kofia nyeupe pana, hata ndani ya nyumba za watu. Aliyempinga alikuwa mkunga mstaafu, mama mwenye sauti ya taratibu, ambaye vijana wengi wa mji huu walipokelewa duniani kwa mikono yake.

Sasa, kati ya filamu zetu kulikuwa na moja ya tajiri mwovu anayewatesa wakulima. Tajiri huyo alivaa kofia nyeupe pana. Sikuileta mimi kofia ile, ilitoka China. Basi tajiri alipomshika mkulima shingoni nikamsemea, "Ulikula sukari yangu ya kampeni, ukafua kwa sabuni yangu, leo unapita bila kunisalimia?" Watu walicheka mpaka mwenye kibanda akatoka nje kuangalia kama kuta zimesimama. Wakaomba filamu hiyo irudiwe Jumamosi inayofuata.

Jumamosi hiyo filamu ilikuwa imeshaanza mke wangu alipoingiza kichwa nyuma ya pazia.

"Amekuja."

"Nani?"

"Mwenye kofia."

Nikachungulia. Diwani alikuwa amekaa benchi la mbele, bega kwa bega na mama mkwe wangu, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kupigwa picha. Bila shaka kuna mtu alimwambia yumo kwenye filamu. Na tajiri ndiyo kwanza alikuwa anaingia, mjeledi mkononi.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Tajiri alipoanza kuwachapa wakulima, nilisema, "Amkeni, ndugu wananchi, mazoezi ni afya." Alipochoma nyumba, nilisema, "Moshi huu ni wa kufukuza mbu. Malaria imezidi." Alipomnyang'anya mzee ng'ombe, nilisema, "Huyu nampeleka chanjo, nitamrudisha mimi mwenyewe." Nyuma watu walikuwa wanafutana machozi. Diwani alitikisa kichwa kukubali. Pale kwenye malaria nilimsikia akisema, "Kweli kabisa."

Mama mkwe hakuvumilia.

"Mwambie wa nyuma ya pazia, kama huyu ni mtu mwema, mbona watoto wanamkimbia?"

"Mwambie mama wanakimbilia shule."

Tatizo lilikuwa mwisho. Nilikumbuka kwamba tajiri anakufa, lakini nilikuwa nimesahau ni kwa kiasi gani. Shujaa alimchoma upanga. Tajiri akaanguka kutoka juu ya paa, farasi wakampitia, ukuta ukamwangukia. Nikasema amechoka na kazi ya wananchi, anapumzika kidogo. Wakamchimbia shimo. Wakamtia humo. Nikasema wanamfunika asipate baridi.

Mama mkwe alisimama.

"Mwambie wa nyuma ya pazia, huyo mtu amekufa. Mimi nimezika wengi. Aliyekufa namjua." Kisha akamgeukia diwani na kupiga goti kidogo, kwa heshima. "Pole sana, baba."

Wakati huohuo mwendesha bodaboda wa upande wa Kenya alisimama mlangoni kumngoja abiria. Alimwona mtu mzima anatoka ndani akiyumba, machozi yanamtiririka.

"Nini imehappen, mzee?"

"Diwani amekufa," alisema yule mtu, na kicheko kikambana asiweze kuendelea.

Bodaboda hakungoja abiria. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imevuka mpaka, ikapumzika, ikarudi imenenepa: diwani amepigwa risasi ndani ya sinema. Gazeti moja la mtandaoni liliandika kwa herufi kubwa, likaweka na picha, ingawa ilikuwa ya diwani mwingine.

Asubuhi ya Jumapili lori lilisimama mbele ya nyumba yake. Walikuwa wajomba zake kutoka Merikit. Walishuka wakilia, na nyuma yao akashushwa fahali wa matanga. Mimi nilikuwa pale kwa sababu nilikwenda kuomba radhi mapema, kabla sijaitwa. Diwani akatoka barazani, mswaki mdomoni, kichwa wazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kipara chake.

Mjomba mkubwa alimtazama. Akaendelea kulia kidogo, maana alikuwa ameshaanza.

"Umekufa ama hujakufa?"

"Sijakufa, mjomba."

"Sasa kwa nini hukupiga simu?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba hujakufa."

Fahali hakurudi Merikit. Wajomba walisema mnyama aliyekwisha kusafirishwa kwa ajili ya matanga hawezi kurudishwa bure, akachinjwa, na sote tukala. Radhi yangu niliiomba katikati ya mchuzi, nadhani hakuisikia.

Kumbe asubuhi hiyohiyo, kanisani, yule mkunga alikuwa amesimama kumlilia mpinzani wake. Alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mwenye moyo mpana, na kwamba pengo lake halitazibika. Mtu alirekodi kwa simu. Mchana diwani akaipata sauti ile, na siku ya pili ilikuwa inazunguka mji mzima juu ya pikapu yenye vipaza sauti: mpinzani mwenyewe anakiri, mtu wa watu, moyo mpana. Nilimvulia kofia. Katika siasa za kwetu sijawahi kuona mtu akifaidika na msiba wake mwenyewe namna ile.

Gazeti la mtandaoni liliomba radhi kwa mistari miwili. Lilisema habari za kifo zilitiwa chumvi.

Mkunga hakukana. Alipanda jukwaani sokoni, akashika kipaza sauti kama anavyoshika kikombe cha chai.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema. "Nilimsifu marehemu. Marehemu anasifiwa, ndiyo adabu tuliyolelewa. Huyu aliye hai bado sijamsifu. Nangoja anipe sababu."

Ikawa basi. Pikapu ilizunguka siku moja tu zaidi, na kila ilipopita watoto waliifuata wakiimba nyimbo za matanga. Mkunga akashinda.

Baada ya matokeo diwani aliniita dukani kwake. Nilikwenda na maneno ya kujitetea niliyoyapanga njia nzima. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mabati, na hakuonekana na hasira. Alionekana mtu aliyefikiri kwa muda mrefu.

"Yule kijana aliyenichoma upanga," alisema, "ni wa chama gani?"

"Hana chama, Mheshimiwa. Ni Mchina."

Akaitikia taratibu. "Nilijua ni watu wa nje."

Akanipa misumari ya bure ya kurekebishia benchi, tukaagana vizuri.

Mkunga alipoapishwa nilikuwepo. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko wimbo wa kumkaribisha. Alisema mtaro wa soko utaanza kuchimbwa Jumatatu. Ulianza Alhamisi, mvua ikinyesha, naye amesimama pale na viatu vya mpira, akiwaambia wachimbaji wasukume, wapumzike, wasukume tena.