Jina la Baba katika Kitabu Chekundu

Mwezi wa nne uliopita, mwenzangu kazini, muuguzi kutoka Dhaka, alituletea boksi la vitamu vya mwaka mpya wa Wabengali: madonge meupe ya maziwa yaliyolowa shira, yakinukia iliki na maji ya waridi. Tulikuwa kwenye chumba cha chai cha nyumba ya wazee tunayofanyia kazi huku ughaibuni, kitongoji cha St Marys. Nilitia moja mdomoni, na kabla sijalimeza ikabidi nikajifungie chooni nilie. Wenzangu walidhani nimepokea habari mbaya. Ni kweli nilizipokea, ila miaka mingi iliyopita, nikiwa na miaka kumi.

Ngoja niwaeleze. Tulikaa Mount Druitt, mimi, mama na mdogo wangu Espoir, na chakula chetu tulikinunua kituo kimoja cha treni mbele, Rooty Hill, kwenye duka la Mbengali tuliyemwita Anko Karim. Baba ndiye aliyeligundua. Tulipofika tu kutoka Kongo, aliingia mle kuuliza unga wa muhogo. Anko Karim hakuwahi hata kuusikia. Baba alimweleza kwa mikono, kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa kicheko chake kikubwa, mpaka yule mzee akakubali kuagiza. Tangu hapo kila mwezi mfuko mmoja uliwekwa pembeni kwa jina la baba, Bwana Bahati.

Majina ya wateja wake aliyaandika kwenye kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa chekundu. Kila mwaka mpya wa kwao alikifunga cha zamani na kufungua kipya. Siku hiyo duka halikuwa duka. Sakafuni mlangoni Anti Shirin, mkewe, alichora maua kwa unga wa mchele uliokorogwa maji, naye alivaa sari nyeupe yenye pindo jekundu. Wateja walialikwa kwa kadi. Aliyekuwa na deni alilimaliza, kisha kila mtu alilishwa vitamu hadi ashindwe. Anko Karim aliandika jina la Mungu kwa herufi za kwao juu ya ukurasa wa kwanza, ndipo akaanza kuandika watu, mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja jina kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Mimi na Espoir tuliipenda siku ile kuliko Krismasi, jambo ambalo hatukuthubutu kulisema kanisani.

Kisha baba akarudi kwetu Kongo, Uvira, kumzika mama yake. Vita vikafunga barabara. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, halafu simu yake ikawa haipatikani. Ikapita karibu miaka miwili, na mama alikuwa na jibu moja tu: “Papa yenu yuko njiani.”

Mwaka ule kadi ilikuja kama kawaida, imeandikwa Bwana Bahati na familia. Tulikwenda. Mama hakujua Kiingereza, au ndivyo nilivyoamini, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake kwa daktari, shuleni na dukani. Zamu yetu ilipofika, Anko Karim aliinua kalamu akaniuliza, “Jina ni lile lile?”

Nikamgeukia mama. Alikuwa akiutazama ukurasa mtupu.

“Mwambie aandike jina yangu,” alisema polepole. “Papa yenu hatarudi tena. Walimuzika.”

Sikulia. Nilimwangalia Anko Karim anayesubiri, nikasikia sauti yangu ikisema, “The same.” Akatabasamu, akaandika kwa herufi zake ambazo sisi hatukuweza kuzisoma. Anti Shirin akanitia donge la maziwa mdomoni, nami nikalimeza zima.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilimwombea baba. Mama alivaa kitenge cheusi, na akina mama wa Kikongo walijaa nyumbani kwetu siku tatu. Lakini Rooty Hill, ndani ya kile kitabu, baba alikuwa hai, na ni mimi niliyemweka. Kila mwezi Anko Karim aliita, “Mfuko wa Bwana Bahati uko tayari!” na moyo wangu ulipasuka kwa furaha na hofu. Mama aliupokea, akashukuru, tukaenda zetu kituoni. Nilijiona mjanja sana.

Mwaka ukazunguka, kadi ikaja tena kwa jina la baba. Dukani, Anko Karim alipofungua kitabu kipya na kuuliza jina, mama aliweka kiganja chake mgongoni mwangu, akakiacha hapo.

Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu nikasema, “Andika Faida. Ni jina la mama. Baba yangu amekufa.”

Kalamu ilisimama. Anko Karim alinong'ona maneno ya dua, kisha akanitazama kwa uso uliovunjika. “Tangu lini, mwanangu?”

“Kabla ya mwaka mpya ule mwingine.”

“Mbona hukuniambia?”

Aliyejibu ni mama, kwa Kiingereza ambacho sikujua anacho, taratibu, neno kwa neno: “Alikuwa hajawa tayari. Nilimsikia. Nikamsubiri.”

Hapo ndipo nilipolia, nimekaa juu ya gunia la mchele, Espoir akinishika sikio maana hakujua ashike nini. Anti Shirin alimkumbatia mama. Anko Karim akaliandika jina la Faida, akimwomba amtamkie tena na tena asije akalikosea.

Siku ile nilishukuru tu kwamba sikupigwa. Sikufikiria mama alivyokuwa akisimama mle dukani kila mwezi, mjane, akiitwa kwa jina la mumewe mbele ya watu na kuitika, kwa kuwa mtoto wake alikuwa bado anamhitaji baba mahali fulani. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Mama yake alikuwa mbali, mumewe alikuwa kaburini, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na moja. Leo mimi nimeupita umri ule.