Mlinzi Wangu Aliyekula Memori

Juzi nilimkuta Mama Nyemo sokoni Majengo akichagua karanga, nikampa shikamoo ya unyenyekevu mpaka muuzaji akacheka, na ndipo nikaona bora niisimulie mwenyewe aibu yangu kabla hamjaisikia kwake (ingawa najua hajawahi kumwambia mtu, na hilo ndilo linalonichoma).

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, kompyuta bado za kuhesabika Dodoma, na ofisi yetu ya takwimu za mvua ilikuwa na moja tu, kwenye chumba chenye zulia ambacho huingii bila kuvua viatu. Mama Nyemo ndiye aliyeingiza vipimo vya mvua kutoka Kolo na vijiji vingine, na jioni aliifunika mashine kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi, nimetoka kozi Dar, najiona wa maana kuliko mashine yenyewe. Sasa mashine ilikuwa inazimika ghafla kila wiki, na wakubwa wa Dar walishasema wakija wakaikuta hivyo wanaihamisha, na Mama Nyemo anapunguzwa kazi.

Basi mimi, badala ya kumuuliza anayeitumia, nikaingia kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayogawia nyingine zote memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, nikaweka mlinzi: kila kipande cha memori kikichukuliwa, anaandika nani kakichukua na saa ngapi. Mashine ikaanza kuzimika kila siku. Mnadhani nilijishuku? Wapi! Nikasema ni kile kitambaa kinazuia hewa, nikabandika karatasi mlangoni: "Mama Nyemo asiguse mashine bila fundi." Mtu wa umri wa mama yangu! Akaisoma, akakunja kitambaa chake, akakitia kwenye mkoba.

Siku ya wageni tukajipanga chumbani na soksi zetu (dole gumba langu lilikuwa nje lote, nikalifunika kwa mguu wa pili), nikahutubia weee habari za mlinzi wangu, nikamalizia, "Kwa hiyo wakubwa, shida si mashine, ni mtumiaji," na papo hapo mashine ikazimika.

Mkubwa wa msafara akauliza, "Na huyo mtumiaji yuko wapi?"

Alikuwa amekaa ukutani, mbali kabisa na mashine. Akatoa daftari mkobani. "Mwanangu, nimekuwa naandika kila inapozimika. Zamani ilikuwa Ijumaa tu, nikichapisha ripoti. Tangu uweke mlinzi wako ni kila siku, saa nne hivi, hata kama sijaigusa. Kwani huyo mlinzi anaandika wapi?"

Mlinzi alikuwa anaandika kwenye memori hiyohiyo! Maelezo ya kila kipande yalikuwa makubwa kuliko kipande chenyewe, na nilisahau kabisa kumwambia afute kipande kikirudishwa, kwa hiyo kufika saa nne ameshaimaliza yote. Nikasema mbele ya wote, "Kosa ni langu."

Mkubwa akafunga faili lake. Nikajua basi, mashine inaondoka na Mama Nyemo anarudi nyumbani.

"Tupeni mpaka Ijumaa," mama akasema. "Huyu kijana anaiweza."

Huyu kijana! Baada ya ile karatasi!

Tukamtoa mlinzi, tukafuata daftari, na kweli kosa lilikuwa palepale daftari lilipoelekeza, kwenye sehemu ya kiini inayoendesha printa: ilikuwa inachukua memori kwa kila ukurasa na hairudishi. Nikairekebisha. Ijumaa ripoti ikachapwa mpaka ukurasa wa mwisho, mashine ikabaki, Mama Nyemo akabaki, nami nikabaki kwa hisani yake. Nashukuru mpaka leo. Na niliapa siweki tena mlinzi popote kabla sijapima yeye mwenyewe anakula kiasi gani, wala sitafuti kosa kabla sijamuuliza anayeshinda na mashine.

Jioni ile nikabandua karatasi mlangoni, nikamwomba arudishe kitambaa.

"Hakizuii hewa?" akaniuliza.

"Hakizuii, mama," nikasema, nikakipokea kwa mikono miwili na kuifunika mashine mwenyewe.