Nyembe za Mtoto wa Makali

Shemeji yangu anaitwa Makali, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya hasira, ingawa na hasira anazo. Ananoa. Visu vya wauza nyama, mikasi ya mafundi cherehani, mapanga, majembe. Chochote chenye makali kikipita mbele ya karakana yake, mkono unamwasha. Mimi cherehani yangu iko barazani kwake, kwa hiyo mkasi wangu haujawahi kulala butu, na kwa hiyo pia nimesikia kila neno alilowahi kusema kuhusu nyembe za mwanawe. Ni maneno mengi, na machache tu yanafaa kuandikwa.

Huyo mwanawe, mpwa wangu, ni karani wa posta. Tunamwita Kidevu kwa utani, maana ndevu zake ukizipuliza zinakwisha. Sasa kijana wa namna hiyo, kati ya vitu vyote duniani, akaamua kukusanya vifaa vya kunyolea. Ukiingia chumbani kwake unakuta rafu kutoka mlangoni hadi dirishani: nyembe za kukunja zenye mipini ya pembe na ya mbao, mashine za shaba za kunyolea, brashi zilizobakiwa na manyoya ya kuhesabika, bakuli za sabuni zilizomeguka ukingoni, mikanda ya ngozi iliyokakamaa. Na hakuna kinachonyoa. Yeye mwenyewe hunyolewa na kinyozi wa pale kona, mara mojamoja, tena kwa heshima tu.

Jambo hili lilimkaa Makali kooni. Angeelewa kama mtoto angekusanya stempu, na kazi yenyewe iko posta. Angeelewa njiwa, kwa kuwa njiwa wanazaana. Lakini wembe butu uliolazwa kwenye kitambaa laini, ndani ya nyumba ya mnoaji, yeye aliuona ni tusi alilotundikiwa ukutani makusudi. Dada yangu akimwambia amwache mtoto, kwani halewi, hapigani, na analala nyumbani, Makali hujibu kwamba afadhali angelewa, ulevi una dawa. Kidevu alicheka tu na kumwongezea baba yake chai.

Basi zikaja habari za maonyesho. Jumba la makumbusho la mji wetu liliwaalika wakusanyaji wote wapange meza zao kwenye ukumbi, na meza itakayompendeza mwamuzi ingepewa kabati la vioo pale mlangoni, mwaka mzima, kila aingiaye aione. Kidevu akawa hashikiki. Alikuja barazani nimshonee kitambaa cha meza cha bluu, akawa ananieleza kwa mikono yote miwili mpaka akaangusha kopo langu la vifungo.

Tegemeo lake lilikuwa wembe mmoja. Aliupata kwa kinyozi mzee aliyekuwa anafunga duka. Mpini wake wa pembe ulikuwa umegeuka manjano, bapa lake lina madoa meusi, na karibu na shingo palichorwa alama ya mtengenezaji, ndege mdogo anayeonekana kwa shida. Kwenye ufa wa mpini mlikuwa na sabuni iliyoganda.

"Mjomba, sabuni hii ilikauka humu kabla sijazaliwa," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza harusi. Nilicheka, lakini moyo ulinienda mbio pamoja naye. Furaha ya mtu unayempenda inaambukiza kuliko mafua.

Ilimwambukiza hata Makali, ingawa angekufa kabla ya kukiri. Alianza kuuliza mambo kwa pembeni: huo ukumbi mkubwa kiasi gani, na huyo mwamuzi anaangalia nini hasa. Akaniletea koti lake la pekee nilipanue kiunoni. Alisema anakwenda kuona tu jinsi watu wanavyopoteza mchana wao. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Asubuhi ya maonyesho Kidevu alitoka kwenda kuazima masanduku ya vioo. Makali akaja karakana amebeba kitu kwenye leso, anatembea kama mtu aliyebeba yai. Alipokifungua nikauona ule wembe. Nilimwambia, shemeji, muulize kwanza mwenyewe. Akanijibu nishughulike na matundu ya vifungo vyangu.

Na lazima niseme kweli: sijawahi kuona kazi kama ile. Alianza na jiwe la kukwaruza, akaja na jiwe laini, akamalizia kwenye ngozi. Madoa aliyasugua kwa majivu na mafuta mpaka bapa likawa kioo. Ufa wa mpini aliuchokonoa kwa sindano aliyoichukua kwangu bila kuomba. Mwisho akagusisha wembe kwenye malaika ya mkono wake, yakadondoka yenyewe.

"Leo mwanangu atang'ara," alisema. Alikuwa na furaha kiasi cha kunitania kwamba na mimi anaweza kunichonga nikawa mtu.

Kidevu aliporudi, baba yake alimwekea wembe kiganjani na kurudi nyuma hatua moja, kama watu wanavyofanya wakitoa zawadi. Kijana akaukunjua. Sabuni hakuna. Madoa hakuna. Ndege karuka. Aliugeuza upande wa pili, akaugeuza tena. Nilitamani apige kelele, lakini hakupiga.

"Baba, umeufuta umri wake," alisema.

"Nimeupa kazi," Makali alijibu. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, limekosa pa kwenda.

Kidevu akamweleza taratibu, kwa sauti ya chini. Kitu kilichofanywa kipya hakihukumiwi, ndiyo sheria ya maonyesho. Na bila wembe ule, meza yake ilikuwa meza ya kawaida, kama za wengine. Makali akakaa kwenye kigoda. Mtu mkubwa vile, akawa kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Akapendekeza auloweke kwenye maji ya chumvi ili upate kutu tena. Alipendekeza kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Kidevu alimtazama, midomo ikamcheza, akageuka asionekane.

Akainama chini ya meza ya kazi kutafuta kitambaa cha kuufunika ule wembe. Alichokivuta kikawa gunia. Lilikuwa zito, likapinduka, yakamwagika mawe sakafuni: vinoo, vyote vimeliwa katikati, kingine kimebonyea kama tandiko, kingine kimekonda mpaka unene wa kipande cha mkate. Makali aliruka kutoka kwenye kigoda akaanza kuvizoa.

"Vya nini hivi, baba?"

"Vimeisha hivyo."

"Naona vimeisha. Vya nini?"

Makali akanitazama mimi nimwokoe. Sikumwokoa. Ndipo akasema, huku akiviangalia vidole vyake, kwamba kile chembamba ndicho alichojifunzia, alipewa na mwalimu wake wa kazi. Kile kilichopasuka ndicho alichokuwa akinolea siku Kidevu alipozaliwa; aliambiwa ni mtoto wa kiume, akakiangusha. Hakuna hata kimoja kinachonoa sasa. Lakini kila alipokwenda navyo jalalani, alirudi navyo.

Miaka yote ya kumsimanga mtoto wa watu! Nikamkumbusha kwamba nyani haoni kundule. Kidevu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na kicheko kilipokwisha macho yake yalikuwa yamewaka vilevile kama siku ya kitambaa cha bluu.

"Mjomba, shika huku," akasema, tukalibeba gunia.

Ukumbini palijaa: stempu, chupa, redio za zamani, hata mtu mwenye vitasa vya milango. Kidevu alipanga meza yake upya. Vifaa vyake vya kunyolea vilizunguka pembeni, na katikati akaviweka vinoo kwa mfuatano wa vilivyoliwa, kile chembamba mwisho, na wembe unaong'aa kando yake. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akauona wembe, akatikisa kichwa.

"Huu umesuguliwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Siushindanishi. Nimeuweka uonekane jiwe linafanya nini." Akamwonyesha vile vinoo. "Hivi ni vya baba yangu. Yule pale."

Makali alisimama nyuma ya watu, koti limefungwa vifungo vyote, mikono mgongoni. Mama yule alimwita, akamuuliza kwa nini mawe yameliwa upande mmoja zaidi. Basi! Aliyekuwa na aibu akaisahau. Akaeleza mkono unavyoegemea, kisu cha mchinjaji kinavyokula jiwe na mkasi unavyokula jiwe. Watu wakasogea. Mwenye redio akaiacha meza yake. Kidevu alikuwa anamsikiliza baba yake mdomo wazi, na wakati mwingine akiuliza swali, Makali alimjibu yeye na kumsahau mwamuzi.

Walipotangaza, meza yetu ndiyo iliyotajwa. Nasema yetu, kitambaa si changu? Nilipiga mluzi mpaka mwenye vitasa akaziba masikio. Dada yangu alilia, na Kidevu akamkumbatia baba yake, ambaye hakujua aiweke wapi mikono.

Mfanyakazi wa makumbusho akaja na sanduku la kubebea vitu kwenye kabati, na kitambaa kibichi. Alikinyanyua kile kinoo chembamba, cheusi kwa mafuta ya miaka yote, akataka kukipangusa kwanza. Makali akamshika kifundo cha mkono, polepole.

"Usifute, mwanangu," alisema. "Huo ndio umri wake."

Upande wa pili wa meza Kidevu alikuwa anakunja kile kitambaa cha bluu. Akakiacha nusu, akamtazama baba yake.