Mioto miwili ufukweni: nilivyompeleka mama mkwe na mbwa wake kupiga kambi ziwani

Wakuu, heri kwenu nyote. Asifiwe Mungu aliyetenga maji na nchi kavu, na aliyenifikisha umri huu nikiwa bado nakumbuka.

Kuna kijana humu aliuliza namna ya kupanga kambi ya ziwani, kule chini ya milima ya Geita, akiwa na mbwa wake. Wengi mmemcheka. Mimi sikumcheka, maana nimewahi kuifanya safari hiyo. Nasimulia kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimemwoa Marta karibuni, tukiishi upande wa Rwamgasa.

Baba yake alifariki, na mama mkwe akaacha kula. Hakugoma. Alipokea ugali, akaumega, akampa mbwa wa marehemu. Mbwa akanenepa, mama akakonda.

Mbwa huyo aliitwa Tutaona. Mzee alimpa jina hilo kuwajibu majirani waliomsengenya, na kila jioni alimwita kwa sauti ili wasikie. Mungu amrehemu.

Mama mkwe alikuwa Mzinza, mzaliwa wa ufukweni. Siku moja akamwambia Marta, "Nipelekeni nikayaone maji ya kwetu. Ila Tutaona asipokwenda, nami siendi."

Tukashika tumaini hilo. Huenda akiyaona maji atakula. Tukimwacha, tulijua tutamzika naye.

Sasa, wakuu, ninyi leo mnakula meza moja na mama mkwe. Kwetu wakati ule mtu na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, wala hawakutajana majina. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwenzake apite. Na mwanamume wa kuwasindikiza nilikuwa mimi peke yangu.

Nikaomba, kisha nikapanga. Wao watangulie na mbwa, mimi nifuate mbali na baiskeli iliyobeba unga, ngozi za kulalia na michembe, yaani viazi vilivyokaushwa. Tukifika, mioto miwili, na katikati uzio wa matawi. Upande wa ziwa nikampa yeye.

Mvuvi mmoja alituonya kuhusu mamba. Kwa hiyo maji tukateka kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ufito mrefu, na Tutaona nikamfunga mtini kwa kamba ndefu ya katani isiyofika majini.

Lakini mbwa hajui ukwe. Alizunguka uzio kwenda na kurudi, akiota moto huku, kisha kule. Marta akaona amepata mjumbe. Akamfunga shingoni kitambaa chenye michembe.

"Mayu anasema ule hiyo!" akaniita kutoka ng'ambo, mayu ndiye mama yake.

"Nile nini? Kitambaa kitupu!"

"Muulize mjumbe wako!"

Nikasikia kicheko kidogo nyuma ya matawi, na hakikuwa cha Marta. Tangu msiba sikuwa nimekisikia. Niliinamisha kichwa nikashukuru.

Siku iliyofuata Marta alikwenda kutafuta kuni. Mama mkwe alimwonea mbwa huruma, akamfungua mtini, kamba ikabaki shingoni. Tutaona alizoea kunywa kwenye lambo pamoja na ng'ombe, hakumjua mamba. Akashuka moja kwa moja majini.

"Petro! Petro, mbwa!"

Mwanzoni sikuitambua sauti, maana haikuwa imewahi kunitaja. Niliuruka uzio wangu mwenyewe, nikaukuta mkia wa kamba mchangani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mbwa akaja kifudifudi. Pale alipokuwa amesimama, maji yakapasuka, kisha yakatulia.

Tukabaki watatu tukihema. Mimi nikatazama chini. Yeye akainua kanga ajifunike uso, kisha akaishusha.

"Wabeja, ng'wana wane," akasema kwa Kisukuma cha nyumbani kwetu. Ahsante, mwanangu.

Marta aliporudi na kuni akakuta uzio umelala chini na sisi tumekaa, mbwa katikati. Akauliza, "Niwashe mioto miwili?"

"Kuni zenyewe chache," mama akajibu. "Washa mmoja."

Akala. Tutaona alikaa akimtazama mdomoni, akisubiri tonge lake la kila siku. Mama akamwambia, "Leo subiri, nishibe kwanza."

Tuliporudi wazee walinitaka nitoe mbuzi kwa kuvunja mwiko. Nilimtoa nikiimba.

Basi kijana, ukipanga safari yako: waulize wavuvi kabla ya kukaribia maji. Kamba ya mbwa iwe ndefu na ngumu. Naye mwenye huzuni umkalishe anapoona ziwa, hata kama itakulazimu kuruka uzio kumfikia.

Nanyi wenye mbwa na wakwe, leteni yenu nisome. Macho yangu ni mazito, lakini mjukuu hunisomea.

Wewe uliyefika hapa, Mungu akulinde ukiwa karibu na maji, akuwekee wa kuita jina lako, na chakula chako kikawe na ladha.