Miaka Kumi Niliyompunguzia Mama

Naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku niliyompunguzia mama yangu miaka kumi kwa kalamu. Tulikuwa kwenye foleni nje ya ofisi ya wakimbizi, Pretoria, baridi ya Juni inauma masikio, fomu nimeiweka juu ya goti naijaza. Ilikuwa 2008. Mama alikuwa ametoka Bujumbura wiki chache tu kabla, na mimi nilikuwa msusi hapa Johannesburg, mama wa watoto wawili, lakini bado najihesabu kijana na mjanja wa mji. Kiingereza nilikijua, na Kizulu cha sokoni nilikijua. Mdomo wa familia nzima ulikuwa mimi.

Mteja wangu mmoja alikuwa msimamizi wa wafagizi wa ofisi kule Midrand. Aliniambia nafasi ipo, ila hawachukui mtu aliyevuka hamsini. Mama alikuwa na hamsini na saba. Basi nilipofika pale wanapouliza mwaka wa kuzaliwa, nikaandika mwaka mwingine, akawa na arobaini na saba.

Mama hakujua kusoma Kiingereza, lakini tarakimu alizijua vizuri. Akaweka kidole juu ya fomu. "Zaituni, hiyo chumvi nimeila mwenyewe. Mbona unaimwaga?"

"Mama, nyamaza. Huku si kwetu Buyenzi, Bujumbura," nikamjibu, mbele za watu.

Akanyamaza. Mwanangu, ukimwambia mzazi wako nyamaza naye akanyamaza, usidhani umeshinda. Mimi nilidhani nimeshinda. Mama akapata kazi, na baada ya muda akapata na ile karatasi ya mkimbizi aliyekubaliwa, nami nikajisifu kwa kila aliyekaa kwenye kiti changu nimsuke kwamba bila akili yangu mama angekuwa amekaa bure nyumbani.

Tulikuwa tunaishi Bellevue, kwenye nyumba moja kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, ukikohoa jirani anakuombea afya. Mama alikuwa anaondoka alfajiri kwenda Midrand na kurudi jioni. Mwaka wa tatu, msimamizi akaanza kulalamika. Mama anafuta meza katikati, pembeni anaacha vumbi. Anafagia ukumbi, kando ya ukuta uchafu umebaki vilevile. Nilimgombeza jioni ile. Nilimwambia, "Mama, unanitia aibu, mimi ndiye niliyekuombea kazi." Akasema, "Nitaongeza bidii, mwanangu." Eish, maneno hayo bado yananichoma. Alikuwa haoni pembeni, na mimi nikamwona mvivu.

Haukupita mwaka, wakamwachisha. Akakaa nyumbani, anatupikia, anajigonga kwenye milango. Siku moja alivuka barabara pale kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, taxi ikamkosa kidogo tu, dereva akashuka kumtukana. Mama akaniambia gari hakuliona kabisa, lilitokea ubavuni. Nikasema ni uzee. Nikamnunulia dawa ya matone dukani, ile ya macho mekundu, nikaona nimemaliza kazi.

Utaniuliza, kwa nini sikumpeleka hospitali? Ndiyo, uliza, maana mimi sikujiuliza. Nilikuwa naogopa dirisha, lile dirisha la karani anayefungua faili. Nilijua atataka karatasi, ataangalia mwaka wa kuzaliwa, kisha atamwangalia mama usoni. Mama mvi zimemjaa kichwani, karatasi inasema ana hamsini! Nilijiambia, na mama nikamwambia, watatushtaki, watamnyang'anya karatasi, watamrudisha Burundi. Tena nilikuwa nimesikia kwamba hospitali za serikali ya mkoa zinamlipisha mgeni fedha za kumfilisi. Nilisikia kutoka kwa nani? Kwa wateja wangu, ambao nao walisikia kwa wenzao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama pale akauliza.

Na uwongo una watoto, mwanangu. Mwaka huohuo alioachishwa kazi habari zikaenea Yeoville nzima, mtaa wa jirani yetu: mkimbizi aliyekubaliwa akifika sitini naye anaweza kuomba pesa ya wazee ya serikali, sawasawa na bibi yeyote wa nchi hii, na mwenye hiyo pesa akienda hospitali hatozwi. Wanawake walipiga vigelegele sokoni. Mama alikuwa na sitini na moja. Kwenye karatasi alikuwa na hamsini na moja. Nikarudi chumbani nikamdanganya tena, nikamwambia ile habari ni ya wenyeji tu, wageni haiwahusu.

Aliyeniumbua ni mteja. Mama Espérance, Mkongomani wa Bukavu, mwanamke wa makamo aliyekuwa anamtunza bibi mmoja mgonjwa kwenye nyumba kule Observatory. Kazi yake ilikuwa kumpeleka yule bibi kliniki na hospitali kila mara, kwa hiyo madirisha yote aliyajua. Jumamosi moja yuko kwenye kiti namsuka, mama akaleta chai. Mama Espérance akanyoosha mkono kupokea, mama akaupita ule mkono, akaendelea mbele na kikombe chake kana kwamba hakuna mtu.

Mama Espérance akageuka, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Akamshika mama bega, akampungia vidole kando ya uso. Mama hakupepesa.

"Macho ya mama iko na nini?" akauliza.

"Ni uzee tu, dada," nikajibu.

"Siulize weye. Naulize mama."

Mama akaweka chai chini polepole, akasema, "Upande huu ni giza. Na huu. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka wa pili sasa."

"Mama, mbona hukuniambia?" nikaropoka.

"Ulisema tukienda wataangalia karatasi," mama akajibu. "Nikaona heri nipotewe na macho kuliko wewe ukamatwe kwa ajili yangu."

Mwanangu, niliachia kitana kikaanguka. Mama Espérance aliponibana nikamweleza yote, fomu, kalamu, miaka kumi. Hakunionea huruma, na namshukuru kwa hilo. Aliniambia, "Ah non, Zaituni! Uliogopa wakuulize swali moja, ukafunga mama ndani ya nyumba. Sasa nani mwenye alifukuza mama ku hospitali, ni serikali ao ni weye?" Kisha akanielekeza. Kliniki ya mtaa kwanza, wampime, wamwandikie barua ya kwenda hospitali. Halafu hospitalini mwambie karani hali yenu ilivyo, asiyekuwa na kipato wanamweka daraja lake. Akaondoka na nywele zake nusu, akasema nitazimaliza mama akishaonwa na daktari.

Tukaenda. Kliniki hawakututoza hata senti, wakatupa barua. Hospitalini foleni ilikuwa ndefu kweli, lakini kulikuwa na benchi la wazee, na mama, mvi zake zikamtetea, akaitwa akae pale. Tukafika dirishani. Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani, akasema, "Gogo, karatasi," yaani bibi, kwa Kizulu. Akanakili. Akauliza tunakaa wapi. Akauliza mama anafanya kazi? Hafanyi. Ana kipato chochote? Hana. Nani anamlisha? Mimi. Akaandika daraja la wasiolipa, akapiga muhuri, akasema, "Chumba cha macho, fuata mstari wa kijani."

Basi. Ndiyo hivyo tu. Umri hata hakuuangalia mara mbili. Jambo nililoliogopa mpaka mama akaingia gizani halikuchukua muda wa kumenya chungwa. Hata huo uzee wa kwenye karatasi haukuhitajika kufungua faili, ulihitajika ukweli kwamba hatuna kitu, na huo tulikuwa nao tele.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima muda mrefu, akanieleza kwa Kiingereza: ni presha ya ndani ya macho, imeua mishipa ya kuonea. Kilichokufa hakifufuki. Atampa matone ya kila siku yalinde kidogo kilichobaki. Kisha akauliza bila ukali, "Mbona mmechelewa? Mngekuja mwanzo tungemwokolea sehemu kubwa." Mimi, mdomo wa familia, nikajifanya napanga karatasi. Mama akanipapasa mkono, akauliza, "Kasema nini? Nitafsirie. Usipunguze." Nikamtafsiria lote, hadi lile la mngekuja mwanzo. Alitikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama nimekula.

Ule mwaka wa kuzaliwa tuliurekebisha. Nilikwenda polisi nikaapa kiapo cha maandishi kwamba niliandika uwongo kwa mkono wangu, tukasafiri Pretoria mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na hakuna aliyenifunga. Walinikaripia, nikastahili. Kufikia 2014 mama akapata karatasi yenye miaka yake kamili, na pesa ya wazee ikafuata. Lakini siku alipokabidhiwa kadi ya kuchukulia hiyo pesa aliishika imepinduka juu chini, na sikuwa na moyo wa kumgeuzia. Macho yalikuwa yamekwisha. Alizikwa miaka mingi baadaye, na mjukuu wake wa mwisho, mama alimjua kwa kumpapasa uso tu.

Alinisamehe kabla sijaomba. Watu husema msamaha unaponya. Wangu unauma, kwa sababu najua ningeukuta hata kama ningefanya mabaya zaidi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ninalala naye kitanda kimoja.

Sasa nisikilize wewe uliyezaliwa hapa, ambaye Kiingereza kinakutoka kama maji ya bomba. Kesho wewe ndiye utakayesimama dirishani na mama yako, na shangazi yako, na mzee wa jirani asiyejua lugha. Usiandike umri wa mtu kwa faida ya leo, maana uzee una haki zake, na haki hizo hufunguliwa kwa miaka ileile unayoificha. Kliniki ya mtaa inapima presha, sukari na macho. Mpeleke mzee kabla hajajigonga mlangoni. Karatasi yake isiishe muda ukiwa unaangalia. Ukiambiwa wageni hawapewi, nenda kaulize mwenyewe pale panapotolewa, kwa sababu kuuliza si ujinga, na mimi niliyeona haya kuuliza ndiye niliyekuwa mjinga. Kama tayari umeandika uwongo, nenda kauseme ungali mdogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha ya mtu mwingine, bila idhini yake. Na zaidi ya yote, usimjibie mzee mwenye ulimi wake. Mgeukie, muulize, kisha ungoje.

Mungu akuhifadhi, mwanangu. Akupe wazazi waishi mpaka wakuchoshe, akupe subira ya kuchoshwa nao. Na siku nawe utakapokuwa mzee mbele ya dirisha la watu, akujalie mtoto atakayekuuliza wewe kwanza kabla ya kufungua mdomo. Amina.